Karata ya Mwisho Haifundishi Kitu

Kila mcheza poka ana hadithi ya namna alivyoonewa. Mpe kiti na kikombe cha kahawa, hata hujamuuliza ataanza: alikuwa na karata bora kuliko mtu yeyote mezani, akamwaga visoda vyote, mwenzake akafuata na magarasa, halafu ikafunuliwa karata ya mwisho, kwisha habari. Anasimulia kwa kirefu, na rangi za karata anazikumbuka zote. Anachotaka ni pole. Mimi pole natoa, tena bila ubahili, maana inauma kweli. Ila nimeshazisikia hadithi hizi vya kutosha hapa Shangani, Mtwara, kuweza kusema kwamba ndani yake hamna somo, na mtu akilazimisha kulichimba, atakachotoka nacho ni uongo.

Visoda ninavyosema ni visoda kweli, vizibo vya chupa. Tumevirithi kutoka kwenye drafti: vya soda ni kumi kumi, vya bia ni mia, na vilivyopakwa rangi nyekundu ya kucha ni elfu. Tunakutana Jumamosi kwa mwenzetu mwenye baraza pana, hatua chache kutoka ufukweni. Meza moja, watu wanane au tisa: fundi wa majokofu, dada mmoja wa benki, vijana wawili wa bandarini, mwalimu mstaafu, mzee mmoja tuliyempora kutoka kwenye bao, na wengine wanaokuja na kupotea, hasa msimu wa korosho minada ikianza na kila mtu akawa na shughuli zake. Pesa haiwekwi. Watatu wanaobaki mwisho wanakula pweza bure, tuliotoka mapema tunalipa. Shekhe wa mtaa anasema hata huyo pweza ana walakini, nami sina ubavu wa kubishana naye.

Kwa asiyeujua mchezo: kila mtu anapewa karata mbili za siri. Mezani zinafunuliwa tano za wote, kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Unatengeneza tano zilizo bora katika hizo saba. Kila hatua mna nafasi ya kuweka dau, kufuata, kupandisha au kutupa. Kwenye mashindano wote mnaanza na visoda sawa, vikiisha umetoka, na kuna dau la lazima linalozunguka meza na kupanda kila baada ya muda ili watu wasikae tu kusubiri neema.

Sasa mgao wenyewe. Fundi wa majokofu alipata ree mbili, ya shupaza na ya kopa. Hakuna jozi inayoizidi hiyo, na kwa hesabu humjia mtu mara moja katika migao 221. Akapandisha dau. Kijana mmoja wa bandarini akapandisha juu yake. Fundi akamwaga zote. Kijana akajikuna shingo, akahesabu visoda vyake mara mbili kana kwamba vingeongezeka, akafuata. Wakafunua: kijana ana nane mbili. Mezani zikaja mfalme, tano na mbili. Halafu ghulamu. Mpaka hapo zimebaki karata 44 ambazo hakuna aliyeziona, na katika hizo ni mbili tu, zile nane zilizosalia, zinazoweza kumwokoa kijana. Mgawaji akafunua nane ya pau.

Fundi hakupiga kelele. Alizigeuza ree zake kifudifudi, akavisukuma visoda upande wa pili kwa kiganja, akaenda kukaa kwa muuza pweza. Nilipomfuata baadaye alikuwa anachovya kipande kwenye pilipili bila kukila.

"Mjomba, pale nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Sasa mbona nimetoka?"

Swali zuri kuliko linavyosikika. Tumelelewa na imani kwamba matokeo yana mwenyewe, kwamba ukianguka lazima kuna jiwe ulilojikwaa. Yule mzee wa bao ndiye anayeteseka zaidi kwa hili. Kwenye bao kete zote ziko wazi, ukifungwa umefungwa na akili ya mtu, na unaweza kurudi nyuma mpaka kwenye ule mtaji ulioharibu. Poka haina adabu hiyo. Ree mbili dhidi ya nane mbili, visoda vyote vikiwa vimeshaingia kabla ya karata za mezani, zinashinda takriban mara 80 katika 100. Zile 20 zilizobaki ni sehemu ya bei ya kucheza, na mtu akizipata hajadhulumiwa.

Hili kila anayesuka mikeka ya kubeti mpira analijua kwa maumivu, ingawa halisemi kwa hesabu. Unaweka timu tano, zote zinacheza nyumbani, zote zinakutana na vibonde, nne zinakupa, ya tano inasawazishiwa dakika ya 93. Mkeka umechanika. Unailaani ile timu moja wiki nzima. Lakini hebu tuseme kila timu kati ya zile tano ilikuwa na nafasi 80 kwa 100 ya kushinda. Ukizizidisha, mkeka mzima una nafasi kama 33 kwa 100. Kuchanika ndiyo kawaida yake.

Na mashindano ya poka ni mkeka wa aina hiyo. Ili ufike mwisho utalazimika kuweka uhai wako wote mezani mara kadhaa, kwa sababu dau la lazima linapanda na visoda vinakwisha. Hata kama kila mara unaingia ukiwa na 80 kwa 100, kupita mara tatu mfululizo ni kama kurusha sarafu. Kupita mara tano ni ile 33. Kwa hiyo mchezaji hodari, anayefanya kila kitu sawasawa, mara nyingi atatolewa hivi hivi: akiwa na karata nzuri, kwa karata ya mwisho, na mtu aliyestahili kutoka yeye. Mashindano makubwa ya nje kwa kawaida hulipa kama asilimia 10 hadi 15 ya walioingia. Waliobaki wote wanarudi nyumbani na hadithi.

Tofauti na mkeka ipo, na ni kubwa. Kwenye mkeka ukishabonyeza umemaliza, na aliyepanga zile namba amejiwekea chake kwanza. Mezani unaamua kila dakika. Ndiyo maana sipendi watu wanapoviweka viwili hivi kapu moja, ingawa hapa kwetu ubishi huo sijawahi kuushinda.

Rudi kwa fundi. Nilimwambia hakukosea, akaitikia kwa kichwa, lakini moyoni akaenda kujitafutia somo lake. Jumamosi zilizofuata akipata ree mbili hapandishi tena. Anafuata tu kimyakimya, anawaacha watu wanne waingie kwa bei ya chini, eti asiumie sana wakimpiga. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zile hushinda kama mara 85 katika 100. Dhidi ya wanne zinashuka mpaka 56 hivi. Yaani ile nane ya pau ilimfundisha kuzicheza ree zake vibaya, na alipozidi kupigwa akaona ndiyo ushahidi kwamba zina mkosi. Hii ndiyo hatari ninayoisema. Hasara ya bahati mbaya inakaa kwenye kumbukumbu kwa sababu inauma, na chenye kuuma tunakipa cheo cha ualimu bila kukifanyia usaili.

Mtwara tumewahi kufanya kosa la namna hiyo mji mzima. Aprili 2019 tuliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja. Wiki sita hivi kabla yake kimbunga Idai kilikuwa kimeibomoa Beira, Msumbiji, kwa hiyo onyo halikuwa la mzaha. Shule zikafungwa, ofisi zikafungwa, watu wa pwani wakaambiwa wahame mabondeni wakatafute mahali salama. Tarehe 25 Kenneth kikapita kusini yetu, kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Makumi ya watu walikufa kule Msumbiji, na wengi wetu tuna ndugu huko. Huku kwetu maafa yale hayakufika. Na nini kilifuata? Vicheko. "Walitutisha bure." Kuna mfanyabiashara mtaani kwangu ambaye mpaka leo anadai fidia ya kinywa kwa biashara aliyoifunga siku ile.

Lakini uamuzi wa kufunga ulifanywa kabla ya karata kufunuliwa. Kimbunga cha nguvu ile kiko baharini karibu na mlango wako, hakuna anayejua kitageukia wapi, unafanyaje? Unafunga. Kikigeuka, ulikuwa sahihi. Kikitua, ulikuwa sahihi vilevile. Mei 2024 akaja Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikaonya tena, na safari hii mvua ikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Kilwa, mabasi yakakwama, Lindi na Mtwara tukawa kisiwa kwa siku kadhaa. Yule mfanyabiashara akasema sasa angalau wamejifunza kutabiri. Kwa maelezo yake, watu walewale, wakifanya kazi ileile, walikuwa wajinga 2019 na mahodari 2024.

Kwa hiyo mimi mtu akija na hadithi ya karata ya mwisho namuuliza swali moja tu: visoda vyako viliingiaje pale? Hapo ndipo somo linapokaa kama lipo, na mara nyingi linakaa nyuma zaidi ya mgao anaousimulia.

Dada wa benki alitoka siku moja akiwa na ree na tisa, akafuatwa na mtu mwenye mfalme na malkia. Alikuwa mbele, kama 58 kwa 100, na akapigwa kwa malkia ya mwisho. Akasimulia kwa uchungu kweli. Nikamuuliza ulibaki na visoda vingapi wakati unamwaga? Vinavyotosha dau kubwa la lazima mara sita. Sasa mtu mwenye sita hachagui, anasubiri karata yoyote yenye sura ya kibinadamu na kuomba. Ilikuwaje mpaka ukawa na sita? Akakaa kimya, halafu mwalimu mstaafu, ambaye kazi yake ya maisha ni kukumbuka makosa ya wenzake, akasema: "Si ule mgao wako wa maghulamu?"

Wote tukaukumbuka. Nusu saa nyuma alikuwa na ghulamu mbili, jozi nzuri tu. Mezani katika zile tatu za kwanza ikaja ree. Mzee wa bao akaweka dau. Dada akafuata. Karata ya nne, mzee akaweka tena, kubwa zaidi. Dada akafuata. Ya tano, mzee akasukuma rundo zima la visoda vyekundu, na dada akafuata tena, "nione tu ana nini." Alikuwa na ree, bila shaka. Mzee yule hajui kupiga mkwara. Tangu tuanze kucheza naye, akiweka dau mara tatu mfululizo basi anayo, na kila mtu mezani anajua, pamoja na dada. Pale ndipo zaidi ya nusu ya visoda vyake ilikoenda, bila bahati mbaya yoyote, kwa udadisi. Lakini mgao ule haukuwa na mshtuko. Hakuna karata ya ajabu iliyofunuliwa. Ulipita kama mtu anayetoa sadaka, na jioni nzima hakuna aliyeusimulia.

Hasara za namna hii ndizo zinazofundisha, na ndizo tunazozisahau. Hazina hadithi. Ulifuata pale ulipopaswa kutupa. Uliacha kupandisha ukiwa wa mwisho kuamua na wenzako wote wameshatupa. Uliliacha dau la lazima livile visoda vyako raundi baada ya raundi huku ukisubiri ree. Ukijumlisha haya utaona kwamba mtu "aliyetolewa na bahati" mara nyingi alikuwa ameshajitoa mwenyewe kwa mafungu, bahati ilikuja kufunga mlango tu. Si mara zote. Fundi siku ile hakuwa na la kujibu, alikuwa na visoda vingi, karata bora, na aliingiza zote akiwa mbele. Kwake jibu lilikuwa kula pweza na kwenda kulala.

Bahati yenyewe ina pande mbili, na hili linanikumbusha mgao mmoja maarufu. Mwaka 2003, Las Vegas, kwenye mashindano makuu ya World Series of Poker yaliyokuwa na washiriki 839, mhasibu mmoja kutoka Tennessee aitwaye Chris Moneymaker, aliyepata nafasi kupitia mashindano madogo ya intaneti ya dola 86, alikutana na Phil Ivey wakiwa wamebaki wachezaji kumi. Moneymaker alikuwa na ree na malkia, Ivey tisa mbili. Mezani zikaja malkia, sita, malkia. Moneymaker yuko mbele sana. Karata ya nne: tisa. Ivey sasa ana tisa tatu na malkia mbili, kampita. Visoda vyote vya Ivey vikaingia. Karata ya mwisho: ree. Moneymaker ana malkia tatu na ree mbili, Ivey nje, wa kumi. Moneymaker akaendelea mpaka akatwaa dola milioni 2.5, na mwaka uliofuata washiriki wakafika 2,576.

Watu huusimulia mgao huu kama Ivey alivyoonewa. Ni kweli kabla ya karata ya mwisho Moneymaker alikuwa na karata saba tu za kumwokoa kati ya 44. Lakini Ivey mwenyewe alifika pale kwa tisa iliyoanguka kutoka mbinguni. Ukimkatia hadithi kwenye karata ya nne, aliyeonewa ni Moneymaker. Inategemea unaanzia wapi kulia. Ivey hakuacha kuweka visoda akiwa mbele kwa sababu ya ree ile. Amekusanya bangili za ushindi zaidi ya 10 za World Series, na hadi leo anatajwa miongoni mwa wachezaji bora waliowahi kutokea.

Kuna jambo moja ambalo wageni wa mezani kwetu hawalioni mapema, nalo linafaa hata kwa anayecheza kwa simu. Visoda havina thamani sawa muda wote. Tukibaki wanne, na watatu ndio watakaokula bure, kisoda unachopoteza kina uzito kuliko kile unachokipata. Ukishinda utaongeza nafasi yako kidogo. Ukipoteza unatoa pesa mfukoni. Kwa hiyo kuna nafasi ya 55 kwa 100 ambayo mwanzoni ungeichangamkia, na pale mwishoni unaitupa huku ukitabasamu, hasa kama kuna mtu mwingine mwenye visoda vitatu anayekaribia kukata roho. Kijana wa pili wa bandarini ametoka wa nne mara nyingi kiasi kwamba tunamtania kuwa ndiye mfadhili wetu. Yeye anaita nuksi. Mimi naona anamwaga zote wakati mwenzake mwenye visoda viwili amebakiza raundi moja tu.

Na hasira. Sitakaa sana hapo kwa sababu kila mtu anazijua zake. Nitasema tu kwamba gharama kubwa ya karata mbaya ya mwisho hailipwi kwenye mgao ule. Inalipwa katika migao mitano inayofuata, kama bado una visoda, pale unapotaka kurudisha chako kwa yuleyule aliyekuchukulia. Mwenye nyumba ana utaratibu wake: akipigwa anaamka, anaenda kuangalia kama maji yanatoka bombani. Mara nyingi hayatoki. Anarudi ameshasahau.

Siku hizi nimeacha kugombana na bahati, nagombana na saa. Dau la lazima kwetu linapanda kila dakika 15. Matokeo yake, ndani ya saa mbili kila mtu ana visoda vya dau kumi au pungufu, na mchezo uliobaki ni kumwaga zote na kutazama juu. Mashindano yanayokimbia hivyo yanampa bahati kiti cha mbele. Muda ukirefushwa, mtu anapata nafasi ya kutupa, kusubiri na kupiga mkwara wa maana, na anayejua anajitenga polepole na asiyejua. Nimependekeza dakika 25. Mwalimu mstaafu kaunga mkono. Vijana wa bandarini wana zamu za usiku, hawataki kusikia. Mzee wa bao angependa saa nzima.

Tumekubaliana tuanze baada ya swala ya Alasiri badala ya Magharibi, tuone. Kilichobaki ni muuza pweza, ambaye hawashi jiko kabla jua halijazama. Atakayetoka saa kumi na moja atatoa pesa ya pweza ambaye hata harufu yake hajaisikia, na fundi wa majokofu ameshasema kwamba yeye, kwa anavyojijua, anataka apewe risiti.